King'ora Kilichonyamaza Kati ya Mishindo Miwili

Shughuli nzima iligharimu mguu wa kushoto wa mama yangu mdogo, kuanzia goti kwenda chini. Meno yangu mawili ya mbele. Mbavu za mpiga king'ora, ambazo idadi yake yeye na daktari hawajakubaliana hadi leo. Na mbuzi mmoja ambaye hakuwa wa mtu yeyote mpaka alipokufa, ndipo wakajitokeza wenyewe watatu. Relei yenyewe, kile kifaa changu kilichozima king'ora, nataka ieleweke tangu mwanzo, haikuharibika. Niliifungua nikaipima. Nikaifunga, nikaifungua tena, nikaipima tena. Nzima.

Mimi nauza spea za magari zilizotumika, Morogoro mjini. Mtu akija kutaka alternata namuuliza ni ya gari gani, namtazama viatu, kisha nataja bei. Kabla ya hapo nilikuwa fundi waya wa magari, na mkono haujasahau. Ndiyo maana mama mdogo alinipigia simu siku moja, akasema, "Mwanangu, njoo huku machimboni, kuna dude la bosi linataka kutuua, na bosi anatafuta fundi wa rahisi."

"Mimi si wa rahisi, mama."

"Najua. Nimemwambia wewe ni wa rahisi. Mengine mtamalizana."

Kwetu Waluguru mdogo wake mama ni mama, na mama akishafariki, mdogo wake ndiye anabaki na neno. Nikaenda.

Machimbo yenyewe yako chini ya mlima, nje kidogo ya mji, pale Uluguru inaposhuka ghafla kama imesukumwa. Juu kuna ukuta wa mwamba unaolipuliwa kwa baruti. Chini wamekaa wanawake, na wanaume wachache waliokosa pa kwenda, wanapasua mawe kwa nyundo na kuuza kokoto kwa ndoo. Mama mdogo alikuwa mkulima wa kabichi huko Mgeta. Mwaka mmoja wa mvua, shamba lake liliteremka bondeni usiku bila kumuaga, na yeye akaona heri alifuate. Akaishia hapo, na nyundo.

Pale machimboni kuna sheria moja. Haijaandikwa, ila imemwaga damu kuliko nyingi zilizoandikwa. Mlipuko ukishamwaga mawe mapya, jiwe ni la aliyeligusa wa kwanza. Hutazami nani anaumwa, nani ana mimba, nani alikukopesha chumvi asubuhi. Jiwe lililopigwa na baruti lina nyufa tayari, nyundo chache tu linafunguka, wakati jiwe zima linaweza kukula siku nzima na mabega yote mawili. Kwa hiyo watu wanakimbia. Nimeona mama wa kwaya akimng'ata mwenzake wa kwaya hiyohiyo, sauti ya pili akamng'ata sauti ya kwanza, na Jumapili wakasimama kanisani wamepangana vilevile. Mama mdogo ana kovu nyuma ya sikio alilopewa na mwanamke ambaye ni mlezi wa ubatizo wa mjukuu wake. "Alikuwa na haki," aliniambia. "Jiwe aligusa yeye. Mimi nilijaribu tu."

Kinachowazuia wasikimbie mapema ni king'ora. Kikilia, wote wanaingia nyuma ya ukuta wa zege uliojengwa kwa kazi hiyo. Kikinyamaza, mbio. Hakuna neno lingine.

Zamani ilikuwa filimbi, bosi mwenyewe akipuliza. Upepo ukiwa wa mlimani, filimbi haikusikika, na watu wawili walizikwa nayo. Baadaye bosi akapata king'ora kikubwa cha chuma, lile pipa lenye matundu na feni ndani ambayo ikizungushwa hewa inapiga ukelele. Umeme haujafika kule, kwa hiyo akalifungia injini ya petroli iliyotoka kwenye pikapu iliyopinduka, akaunganisha kwa mkanda, na kuwasha ni kwa hendeli. Kinga hakuweka hata moja. Wiki ya kwanza hendeli ilirudi kinyume, ikamvunja mpiga king'ora mkono. Mwezi uliofuata injini ikaenda mbio kupita kiasi, feni ikapasuka, na kipande chake kikapaa hadi kwenye banda la mama ntilie, kikaligawa sufuria la maharage sawasawa katikati. Mama ntilie alikuwa ameinama kuokota mwiko. Anasema alikuwa ameinama kusali, lakini mwiko niliuona.

Ndipo nikaitwa. Tulikaa na bosi juu ya matairi mabovu, tukapatana.

"Nataka kiwake kwa kitufe, kama cha watu," akasema.

"Kitufe kipo. Kinga je?"

"Kinga gani tena? Wewe unaanza."

Nikamwonyesha relei, kisanduku cheusi kinachotoshea kiganjani. Nikamwambia ndani yake kuna koili na kijimkono cha chuma. Umeme mdogo unaamuru, umeme mkubwa unatii. Nikampangia tatu kwenye goti. Ya kwanza inaiachisha stata, ile mota ya kuwashia, injini ikishawaka, ili mtu aking'ang'ania kitufe stata isitafunwe. Ya pili inasikiliza mwendo. Injini ikizidi, inaikata kabla feni haijapasuka. Ya tatu inasikiliza presha ya oili.

"Ya stata weka," akasema bosi. "Ya mwendo weka, sitaki tena kesi ya maharage. Hii ya oili inafanya nini?"

"Presha ikishuka inakata moto wa plagi. Injini inazima kabla haijajisaga."

Macho yakamlegea kama mtu aliyesikia habari za mchumba. "Hiyo weka mbili."

"Moja inatosha, bosi."

"Wewe weka mbili, nipunguzie bei ya moja."

Niliweka moja. Siku ya kufunga, mama mdogo alikuja na nyundo yake begani, akasimama juu yangu nikiwa nimelala chini na waya mdomoni.

"Hiki cha kwanza kinalinda nini?"

"Stata, mama."

"Na hiki?"

"Feni."

"Na hiki?"

"Injini."

"Na cha kutulinda sisi?"

"Nyinyi mnalindwa na king'ora."

"Na king'ora kinalindwa na nani?"

"Na hivi."

Akahesabu kwa vidole, akacheka mpaka akashika kiuno. "Kumbe foleni ndefu hivyo! Haya, funga mwanangu, sisi tutasubiri mwisho."

Kikafanya kazi. Kitufe unabonyeza, stata inapiga, injini inaunguruma, pipa linaanza kuomboleza, na hadi mjini watu wanageuza shingo. Kikiwa kinalia, hata injini iliyo mbele yako huisikii, ndiyo maana lazima kuwe na kitu kinachosikiliza kwa niaba yako. Nilijisifu sana kwa kazi ile. Niliwaonyesha wateja picha zake kwenye simu hata walipotaka kuona radieta.

Siku yenyewe ilikuwa ya masika. Nilikwenda kupeleka mkanda mpya. Nilipofika nilimkuta mpiga king'ora, jitu la watu, mkono mmoja umepinda tangu enzi za hendeli, anakula muhogo. Nikachomoa kijiti cha oili, nikafuta, nikapima. Ipo. Nikafuta, nikapima tena. Ipo. Niliona kitako cha injini kimezama upande mmoja kwenye tope.

"Imelala kidogo," nikasema.

"Kama mimi nikishiba," akasema. "Kesho tutaichomekea mawe. Mawe hapa yapo."

Mlipuaji akashuka mara moja, akatuambia leo ni mishindo miwili, ukuta wa kushoto, kisha wa kulia, tambi za kuwashia baruti zina urefu tofauti. "Msizime mpaka mmesikia wa pili," akasema, akapanda zake. Siku nyingi mshindo huwa mmoja. Wapasuaji hakuna aliyewaambia. Wao wana king'ora.

Kitufe kikabonyezwa. King'ora kikalia, watu wakajibanza nyuma ya zege, na mlipuaji akawa tayari kuwasha. Hapo mbuzi wakatokea juu ya ukuta wa mwamba. Akaanza kuwafukuza. Unamfukuza mbuzi huku, anatokea kule, na muda wote huo king'ora kinalia na injini inakimbia imelala ubavu. Oili ilikuwemo, nimesema nilipima, lakini ilikuwa imekusanyika upande mmoja, na pampu upande wa pili ikaanza kunyonya hewa. Hayo nimeyajua baadaye. Wakati ule niliona tu mlipuaji anakimbia kujificha, kisha mwamba wa kushoto ukaruka.

Mshindo ule ulinipiga kifuani. Mawe yakamwagika, vumbi likapanda, na kabla halijatua relei yangu ikafanya kazi yake. Ikasikia presha hakuna, ikakata moto.

King'ora hakikatiki kama redio. Kinashuka polepole, kama mtu anayeteremshwa kisimani huku analalamika. Kinashuka hivyohivyo siku zote, kikizimwa kwa hiari au kwa bahati mbaya. Nyuma ya ukuta wa zege hawakuwa na jinsi ya kujua tofauti. Walisikia mshindo, wakasikia ukimya. Wakatoka.

Mpiga king'ora akarukia kitufe. Injini ikawaka, akaachia, ikazima. Akabonyeza, ikawaka, akaachia, ikazima. Nilipofunga nilimwambia kwamba ukishikilia kitufe kinga ya oili inangoja. Ukiachia na presha haijapanda, inakata. Alikuwa ameelewa siku ile. Mikono ndiyo iliyosahau. Mimi ningeweza kurudi hatua chache nikashikilia kitufe kwa kidole changu mwenyewe, kingelia. Badala yake nilikimbia kuelekea kwa watu nikipiga kelele, "Bado mmoja! Bado mmoja!" Masikio yao yalikuwa bado yana king'ora ndani. Walichoona ni mwanaume anakimbilia mawe yao. Mwanamke mmoja akanirushia nyundo. Ilinikosa.

Nilimwona mama mdogo. Mtu wa umri wake hapaswi kuwa na mbio zile. Alikuwa amekwisha kufika, ameweka viganja vyote viwili juu ya jiwe zuri, pana kama mlango wa jiko, na jirani yake analivuta upande wa pili, wanatukanana mama zao.

"Nimeligusa!"

"Umeligusa na nini, mchawi wewe, kwa macho?"

Ukuta wa kulia ukaruka.

Mawe madogo yalikuja kwanza, yakapiga watu migongo kama fimbo. Mwanaume mmoja alianguka na uso wake ukabaki mwekundu mtupu, ingawa baadaye ilionekana ni ngozi tu. Mbuzi alishuka kutoka juu akiwa vipande. Kisha jiwe moja kubwa likatoka kwenye vumbi. Halikuruka. Lilibiringika, bila haraka, kama mwenye shamba anayekuja kukagua, likapanda mguu wa mama mdogo na kukaa. Nilisikia mfupa. Katika kelele zote zile nilisikia mfupa ule mmoja.

Jirani yake aliendelea kuvuta. Alivuta mara moja, mara ya pili, kisha akaona jiwe limekuwa jepesi upande wa pili, akatazama kwa nini. Akaliachia. Akakaa chini, akaanza kujipiga kichwa kwa ngumi.

Tulilisukuma lile jiwe kwa mtaimbo. Sitasema kulikuwa na nini chini yake.

Kisha watu wakamkumbuka mpiga king'ora. Walimkuta bado anabonyeza kitufe, injini inawaka na kuzima. Wakamtoa pale kwa mipini ya nyundo. Hakujitetea, aliinua tu ule mkono uliopinda, wakaupiga huohuo. Mtu mmoja akapaza sauti kutafuta petroli. Ilikuwepo, kwenye tangi, karibu mno. Nikaingia katikati, nikasema jambo ambalo kwenye biashara huwa silisemi: nikataja ukweli kwanza. "Mwacheni! Aliyefunga nyaya ni mimi! Imezimwa na relei!"

"Relei ni nani?" akauliza mmoja. Aliuliza kwa dhati, alitaka kujua wa kumpiga.

"Ni kifaa changu."

Basi wakapiga mwenye kifaa. Mpini ulinipata mdomoni, nikalitema jino moja, na nilipopapasa kuhakikisha nikakuta ni mawili. Nilianguka juu ya mpiga king'ora. Alikuwa ananuka muhogo. Nilihisi mateke yanapita kwangu na kuishia kwake, na ya kwake yanaishia kwangu. Nilifikiri, hapa ndipo tunapoisha, na tangi lile pale.

Kilichotuokoa ni sauti ya mama mdogo kutoka kwenye mawe, kavu, imekasirika. "Nyie wapumbavu! Mkimaliza kuwaua hao, nani atanibeba? Nyie wenyewe mmevunjika mikono!"

Wakasimama. Kweli, nusu yao walikuwa wanapiga kwa mkono mmoja.

Tukang'oa mlango wa banda la mama ntilie, tukamlaza mama juu yake, tukampandisha kwenye lori la kokoto. Njia nzima hadi mjini alinishika shati, na lori likiruka kwenye shimo alimtukana dereva, kisha akamwomba Bikira Maria amsamehe, kisha shimo jingine. Hospitali walimkata jioni ileile.

Machimbo yakafungwa na serikali, yakafunguliwa. Wakaguzi walituuliza maswali mazuri, tukajibu. Nilikutana na bosi siku ya kwanza baada ya kufunguliwa, amesimama mbele ya injini, ameichomekea kitako vizuri kwa zege jipya. Akanishika bega.

"Unajua nini, fundi? Injini ilipona. Haina hata mkwaruzo. Relei yako ile, kweli wewe ni fundi."

Nilimpiga kofi. Nikaona halijatosha, nikarudia. Hakunirudishia. Alijipangusa mdomo akasema, "Haya. Sasa utaifunga tena lini?"

Nilikuwa nimeichomoa mwenyewe kwa ajili ya kuipima, ninayo. Na hapo ndipo nilipokwama, ndugu msomaji.

Mama mdogo amerudi machimboni. Nilimwambia asirudi, akaniuliza kama nimemnunulia shamba. Kupasua ni kazi ya kukaa, anasema, mguu ni wa kukimbilia tu. Sasa hawezi kugusa jiwe la kwanza, kwa hiyo ananunua kwa waliokimbia, na jirani yake yule anamwuzia kwa bei ya wote. "Akinipunguzia nitamchukia," anasema. Ukuta wa zege uko mbali kwake. Baruti zikiwa karibu, anaanza kujikokota kwa gongo mapema kabla ya wengine, na kila mara anafika wakati king'ora kimekwisha anza. Ule ukelele ukikatika akiwa njiani, hatakuwa mtu wa kukimbia mbele wala nyuma.

Nimejaribu njia nyingine. Nilitaka relei iwashe taa nyekundu badala ya kuzima injini. Taa haionekani kwenye vumbi, na mpiga king'ora, ambaye amerudi kazini na mbavu zake, anasema atakuwa amejificha, hawezi kuitazama. Nilitaka king'ora cha pili cha betri. Bosi akasema injini inatosha. Tukaweka utaratibu mpya: ukimya usiwe ruhusa, ruhusa iwe rimu la lori linalogongwa kwa nyundo baada ya mlipuaji kushuka. Wote wakakubali kwenye kikao, wakapiga makofi. Wiki ile walingoja rimu. Wiki iliyofuata mmoja akatoka kwenye ukimya, akagusa mawe matatu mazuri kabla rimu halijagongwa, na hakuna aliyemnyang'anya kwa sababu sheria ni kugusa. Toka hapo rimu linagongwa wakati watu wako kwenye mawe tayari, wanang'atana.

Nikamwambia mama mdogo basi nitaiacha nje. Injini ilie mpaka ijisage, lakini ilie.

Akafikiri, nyundo imetulia mkononi. "Ikijisaga, bosi atanunua nyingine?"

"Hapana."

"Atarudi kwenye filimbi."

"Ndiyo."

"Filimbi ilizika wawili."

"Najua, mama."

"Na ukiirudisha, inaweza kunyamaza tena katikati."

"Inaweza. Zege limenyoosha injini, lakini zege nalo litakaa kwenye tope."

"Sasa mimi nikae upande gani?" akaniuliza, na alikuwa hatanii. "Wewe ndiye fundi."

Mimi ni mtu wa kupatana. Nimeshapatana na matapeli wa Dar na maaskari wa barabarani, na siku zote kuna mahali pa kukutana katikati. Hapa sipaoni. Relei haijui kuwa katikati. Imefunga au imefungua. Kwa hiyo nakuuliza wewe uliyewahi kuendesha pampu ya zimamoto nyumba ikiwa inaungua, au jenereta la hospitali mgonjwa akiwa mezani, kifaa kikakuonya kwamba mashine inakufa: uliiacha ife, au uliizima? Na waliokuwa wanaitegemea kesho yake, uliwaambia nini? Mlipuaji ameshachimba mashimo ya ukuta wa nyuma, na mama mdogo hatakosa kazini. Nishauri nifunge au nisifunge. Ukinipa na sababu, nitashukuru zaidi, maana atauliza.